Upangaji wa Ratiba ya Matoleo katika Miradi ya Programu Huria: Mtazamo kutoka Goba, Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna miradi ya programu huria inavyopanga ratiba ya kutoa matoleo mapya, na kwa nini upangaji huo ni suala la watumiaji kwa kiasi kilekile ulivyo suala la wataalamu wa kompyuta. Hoja kuu ni kwamba ratiba ya matoleo ni ahadi inayotolewa kwa watu ambao hawakuwapo kikaoni ilipopangwa: mtafsiri wa Kiswahili, mhudumu wa zahanati, na katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Ili kuijenga hoja hiyo, makala yanatumia mifano miwili yenye mizizi Dar es Salaam, yaani Jambo OpenOffice ya mwaka 2004 na mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2. Kisha yanaonesha, hatua kwa hatua, jinsi mradi mdogo wenye watumiaji katika kata ya Goba unavyoweza kupanga ratiba yake kwa kuhesabu majuma kurudi nyuma kutoka siku ya toleo.

1.0 Utangulizi

Kila mwisho wa mwezi, katika zahanati za pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, ikiwemo kata ya Goba katika Manispaa ya Ubungo, kazi ya kujumlisha huanza. Mhudumu hufungua vitabu vya Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, maarufu kama MTUHA, akahesabu wagonjwa waliohudhuria, wajawazito waliopimwa na watoto waliochanjwa. Jumla hizo hupelekwa ngazi ya manispaa katika siku za kwanza za mwezi unaofuata, nazo huingizwa katika mfumo wa kielektroniki ambao taifa zima hulitumia kupanga huduma.

Mfumo huo ni programu huria, na programu huria haikai mahali pamoja. Hubadilika. Kuna siku kiolesura alichokizoea mtumiaji huwa kimehamishwa vitufe vyake. Kuna siku seva husimamishwa kwa saa kadhaa ili toleo jipya lisimikwe. Iwapo siku hiyo ni tarehe 5 ya mwezi, yaani wakati ambapo kila mmoja anaingiza taarifa, madhara yake ni makubwa. Iwapo ni tarehe 20, huenda asiwepo atakayetambua kwamba kuna kilichotokea. Kazi ya kiufundi ni ileile. Kilichotofautiana ni tarehe.

Tofauti hiyo ya tarehe ndiyo kiini cha makala haya. Katika mafunzo ya sayansi ya kompyuta, mwanafunzi hufundishwa kwa kirefu namna ya kuandika programu, kuijaribu na kuondoa hitilafu. Ni nadra kufundishwa namna ya kuamua ni lini programu hiyo itolewe. Makala haya yanakusudia kusaidia kuliziba pengo hilo kwa lugha ambayo wengi wa wanufaika wa programu hizo huielewa.

2.0 Dhana za Msingi

Programu huria ni programu ambayo chanzo chake kiko wazi kwa yeyote kukisoma, kukitumia, kukirekebisha na kukisambaza kwa mujibu wa leseni iliyoambatanishwa nayo. Aghalabu, wanaoiandika hawako chini ya mwajiri mmoja. Wengine hulipwa na kampuni au vyuo vikuu, na wengine hujitolea baada ya saa za kazi au za masomo. Hali hiyo ndiyo inayoufanya upangaji wa ratiba kuwa mgumu: msimamizi wa toleo hana mamlaka ya kumwamuru anayejitolea amalize kazi yake Ijumaa. Chombo pekee alichonacho ni ratiba yenyewe, na heshima ambayo washiriki wanaipa.

Toleo ni nakala ya programu ambayo mradi unaitangaza kuwa iko tayari kwa matumizi, ikapewa namba na kuambatanishwa na maelezo ya kilichobadilika. Matoleo huwa ya aina tatu. Toleo kuu huleta vipengele vipya na huweza kubadili namna ya kufanya kazi. Toleo dogo, ambalo baadhi ya wataalamu huliita kiraka, huondoa hitilafu bila kuongeza kitu kipya. Toleo la dharura hutolewa nje ya ratiba ili kuziba mwanya wa kiusalama.

Ratiba ya matoleo, kwa hiyo, ni zaidi ya orodha ya tarehe za kutoa. Ratiba kamili hujibu maswali manne: toleo litatoka lini, ni lini milango ya vipengele vipya itafungwa, ni lini maneno yanayoonekana kwa mtumiaji hayatabadilishwa tena, na toleo lililotolewa litaendelea kuhudumiwa hadi lini. Miradi mingi hujibu swali la kwanza tu, na matatizo mengi yatakayojadiliwa hapa chini hutokana na kutojibiwa kwa matatu yaliyobaki.

3.0 Mikabala Miwili ya Kupanga Matoleo

Msafiri wa Dar es Salaam anaifahamu mikabala hii miwili hata kama hajawahi kuandika programu. Daladala iliyoegeshwa kituoni huondoka ikijaa. Treni ya reli ya kisasa, iliyoanza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, huondoka saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Daladala humfaa anayechelewa na humtesa aliyewahi. Treni hufanya kinyume chake.

3.1 Mkabala wa vipengele

Katika mkabala wa vipengele, mradi huorodhesha mambo unayotaka yawemo katika toleo, kisha hungoja hadi yote yakamilike. Huu ni mkabala wa daladala. Ubora wake ni kwamba toleo hutoka likiwa na kila kilichoahidiwa. Udhaifu wake ni kwamba kipengele kimoja kilichokwama huvizuia vingine vyote. Mfumo endeshi wa Debian, unaotengenezwa na watu wanaojitolea duniani kote, ulitoa toleo la 3.0 mwezi Julai 2002, na toleo la 3.1 likafuata mwezi Juni 2005. Katika kipindi hicho cha karibu miaka mitatu, kompyuta mpya zilizoingia sokoni zilikuwa na vifaa ambavyo toleo la zamani halikuvitambua. Baadaye Debian ilijiwekea mwendo unaotabirika zaidi, wa takriban miaka miwili kati ya toleo na toleo.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana kwa haraka. Mwandishi wa programu anapojua kwamba toleo lijalo halina tarehe, huogopa kuachwa. Hukimbilia kuingiza kipengele chake hata kama hakijakomaa, kwa kuwa akikosa nafasi hii hajui ni lini atapata nyingine. Kila anayekimbilia hivyo huongeza hitilafu, na kila hitilafu huchelewesha toleo zaidi. Ucheleweshaji hujizalisha wenyewe.

3.2 Mkabala wa muda

Katika mkabala wa muda, tarehe hupangwa kwanza, na kilicho tayari siku hiyo ndicho kinachotolewa. Kipengele ambacho hakijakamilika husubiri toleo linalofuata, bila fedheha. Mradi wa GNOME hutoa matoleo kila baada ya miezi sita. Ubuntu, uliotoa toleo lake la kwanza mwezi Oktoba 2004, huandika tarehe ndani ya namba yenyewe: toleo la 4.10 ni la mwezi wa 10 wa mwaka 2004. LibreOffice nayo, tangu mwaka 2024, imeanza kutumia namba za aina hiyo. Kiini cha Linux hutoka kila baada ya majuma tisa au kumi: majuma mawili ya mwanzo hupokea mabadiliko mapya, na yanayosalia hutumika kusahihisha tu.

Mkabala huu hautaki ukaidi. Mwaka 2006 wasimamizi wa Ubuntu waliona kwamba toleo lililopangwa kutoka Aprili lilihitaji kukomazwa zaidi, hasa kwa kuwa lilikusudiwa kuhudumiwa kwa miaka mingi. Walilisogeza hadi Juni, wakatangaza mapema, na namba yake ikawa 6.06. Jambo la kuzingatia ni kwamba kuahirisha huko kulikuwa tukio la pekee, si mazoea. Tarehe inayoahirishwa mara moja kwa sababu iliyoelezwa hubaki tarehe. Inayoahirishwa kila mara hugeuka kuwa matumaini.

Katika utafiti wake wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 2007, Martin Michlmayr aliichunguza miradi kadhaa ya aina hii na kubainisha mazingira ambamo mkabala wa muda hufaulu. Miongoni mwa hayo ni kwamba kazi ya kutosha iwe inafanyika kati ya toleo na toleo, na kazi yenyewe iweze kugawanywa katika sehemu zinazojitegemea, ili sehemu moja ikichelewa nyingine zisikwame. Mradi wenye mwandishi mmoja anayefanya kazi mwishoni mwa juma tu hauna sababu ya kuahidi toleo kila mwezi.

3.3 Swali la kasi

Kuchagua mkabala wa muda huzaa swali jingine: muda gani? Wahenga wametuachia methali mbili zinazopingana. Haraka haraka haina baraka; lakini pia, ngoja ngoja huumiza matumbo. Historia ya kivinjari cha Firefox inazithibitisha zote mbili. Kuanzia Juni 2011 Firefox iliacha kungoja na kuanza kutoa toleo jipya kila baada ya majuma sita. Watumiaji binafsi walinufaika, lakini taasisi zenye kompyuta nyingi zililemewa, kwa sababu kila toleo lilihitaji kujaribiwa upya kabla ya kuruhusiwa. Mwaka 2012 mradi ulianzisha mkondo wa pili, wa toleo linalohudumiwa kwa muda mrefu zaidi, kwa ajili ya taasisi hizo. Mwaka 2020 mkondo wa kwanza uliongezewa kasi hadi majuma manne, bila kuwasumbua walio katika mkondo wa pili. Funzo ni kwamba si lazima watumiaji wote wasafiri kwa mwendo mmoja, ili mradi mradi uwe na nguvu ya kuendesha mikondo yote miwili. Nguvu hiyo ndiyo ambayo miradi midogo huikosa.

4.0 Mtafsiri na Mlango Uliofungwa: Funzo la Jambo OpenOffice

Mwezi Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishuhudia uzinduzi wa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya programu za ofisini za OpenOffice.org. Kazi hiyo ilifanywa chini ya mradi wa Kilinux, ulioihusisha Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya chuo hicho na washirika kutoka Sweden. Kwa mara ya kwanza mtumiaji wa Kiswahili aliweza kuandika barua au kukokotoa hesabu kwa programu huria ambayo menyu zake zilizungumza lugha yake.

Umuhimu wa kazi hiyo kiisimu umejadiliwa na wengi. Hapa tunaitazama kwa jicho la ratiba. Jambo OpenOffice ilijengwa juu ya mfululizo wa 1.1 wa OpenOffice.org. Mwezi Oktoba 2005, miezi kumi tu baada ya uzinduzi wa Dar es Salaam, toleo la 2.0 lilitoka. Lilikuja na programu mpya ya hifadhidata, umbo jipya la kuhifadhia nyaraka, na kiolesura kilichofanyiwa mabadiliko makubwa. Kila menyu iliyobadilishwa maneno ilikuwa sentensi mpya ya kutafsiri.

Hali hiyo inaonesha ukweli ambao mwandishi wa programu anayetumia Kiingereza huusahau kwa urahisi: kwa mtafsiri, toleo jipya ni deni jipya. Mwandishi anapobadili neno moja katika kitufe kwa kuwa ameona linapendeza zaidi, hutumia sekunde chache. Mtafsiri wa Kiswahili hulazimika kulitafuta neno mwafaka, kulipatanisha na istilahi zilizokwisha kusanifiwa, kuhakiki upatanisho wa kisarufi, na kuona kama linaenea katika nafasi ya kitufe. Kiswahili, kwa tabia yake ya kuambisha viambishi vya ngeli, hakiruhusu neno lichomekwe mahali popote bila kujua linaandamana na nomino gani. Sentensi kama “imefutwa” huwa sahihi kwa faili moja, lakini zikiwa barua mbili sharti iwe “zimefutwa”, na likiwa neno moja iwe “limefutwa”. Kazi hii haifanyiki usiku wa kuamkia siku ya toleo.

Ndiyo maana ratiba inayoheshimu lugha huweka siku ya kufunga matini, yaani siku ambayo baada yake hakuna neno linaloonekana kwa mtumiaji litakalobadilishwa hadi toleo litoke. Mradi wa GNOME umekuwa na desturi hiyo kwa miaka mingi: anayetaka kuvunja kufuli hilo hulazimika kuomba idhini, na watafsiri hupewa taarifa. Bila kufuli hilo, tafsiri hutoka ikiwa na mapengo, menyu moja kwa Kiswahili na nyingine kwa Kiingereza, na mtumiaji huhitimisha kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba teknolojia. Hukumu hiyo hutupiwa lugha, ilhali kosa lilikuwa la kalenda.

5.0 DHIS2: Ratiba Inapokutana na Mwisho wa Mwezi

Mfano wa pili ungali hai. Juhudi za HISP, zilizozaa mfumo wa DHIS, zilianzia Afrika Kusini mwaka 1994, wakati nchi hiyo ilipokuwa ikiunganisha huduma za afya zilizogawanywa na ubaguzi wa rangi. Toleo la kizazi cha pili, DHIS2, liliandikwa upya kwa lugha ya Java ili litumike kupitia kivinjari, na huratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway. Kenya ilianza kuutumia kitaifa mwaka 2011. Tanzania ilikamilisha usambazaji wake nchi nzima mwaka 2013, huku wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiwa na nafasi kubwa katika kuuendeleza na kuuhudumia.

Historia ya matoleo ya DHIS2 inafunza. Kwa miaka kadhaa mradi ulitoa matoleo makuu matatu au zaidi kwa mwaka. Mwaka 2018, kwa mfano, yalitoka matoleo ya 2.29, 2.30 na 2.31. Baadaye mwendo ukapunguzwa hadi mawili kwa mwaka. Kuanzia toleo la 2.40 la mwaka 2023, mradi umehamia toleo kuu moja kwa mwaka, na matoleo matatu ya karibuni ndiyo yanayohudumiwa. Kwa maneno mengine, kadiri idadi ya nchi zinazoutegemea ilivyoongezeka, ndivyo mwendo wa kiini cha mfumo ulivyopunguzwa.

Sababu zake zinaeleweka mtu akiitazama kazi ya kuhuisha mfumo wa kitaifa. Kwanza, toleo jipya hubadili muundo wa hifadhidata, na mabadiliko hayo hayarudishwi nyuma kwa kubonyeza kitufe; kinga pekee ni nakala ya akiba iliyochukuliwa kabla. Pili, hifadhidata yenye taarifa za nchi nzima kwa zaidi ya miaka kumi huchukua muda mrefu kuhamishwa kuliko ile ndogo ya majaribio. Tatu, ripoti na fomu zilizotengenezwa na wizara zinapaswa kujaribiwa moja baada ya nyingine. Nne, maofisa wa takwimu wa halmashauri wanapaswa kuelezwa kilichobadilika. Nchi inayohitaji miezi mitano kukamilisha mambo hayo haiwezi kufuata mradi unaotoa toleo kila baada ya miezi minne. Itabaki nyuma, na baada ya muda itajikuta inatumia toleo ambalo halihudumiwi tena.

DHIS2 ilitumia mbinu nyingine inayostahili kuigwa: kukitenganisha kiini na programu-tumizi zinazokaa juu yake. Kiini, chenye kushika hifadhidata, huenda polepole. Programu-tumizi, kama zile za kuchora grafu au kuingizia taarifa, huweza kutolewa kwa mwendo wake na kusimikwa bila kusubiri toleo kuu. Mhudumu anayesumbuliwa na hitilafu ndogo katika fomu halazimiki kungoja mwaka mzima, na anayesimamia seva halazimiki kuifungua hifadhidata kwa ajili ya kitufe.

Hata hivyo, ratiba ya Oslo haiwezi kujua kwamba katika manispaa fulani mtandao huzidiwa katika siku za kwanza za mwezi. Ratiba ya mradi mama na ratiba ya usimikaji nchini ni vitu viwili. Ya kwanza inasema ni lini toleo lipo; ya pili inasema ni lini litatumika. Taasisi inayochanganya vitu hivyo hujikuta ikisimika kila kinachotoka siku kilipotoka, au haisimiki chochote kabisa. Njia ya kati ni kuwa na dirisha la kuhuisha lililotangazwa. Kwa mfumo wa taarifa za kila mwezi, dirisha hilo kimantiki huangukia nusu ya pili ya mwezi, baada ya taarifa kuingizwa na kabla ya kujumlisha kwa mwezi mpya kuanza.

6.0 Kupanga kwa Kurudi Nyuma: Mfano wa Goba

Ili kuonesha namna kanuni hizi zinavyotumika katika mradi mdogo, tuchukue mfano wa kubuni. Vijana watano, wawili wakiwa wanafunzi wa chuo kikuu, wanaandika programu huria ya simu kwa ajili ya vikundi vya kuweka na kukopa, yaani VICOBA, vya Goba. Programu inarekodi hisa, mikopo na faini. Vikundi vingi hukutana mwishoni mwa juma, na vingi huvunja mzunguko na kugawana mwezi Desemba. Watoe toleo kuu lini mwaka 2026?

Hatua ya kwanza ni kutafuta siku zisizofaa, si zinazofaa. Novemba na Desemba haziguswi: hakuna katibu atakayekubali hesabu za mgao zihamishiwe katika programu ngeni. Machi hadi Mei ni masika, ambapo barabara za ndani za Goba, zenye vilima na mabonde, huwa taabu kupitika, na kutembelea vikundi kwa mafunzo huwa kugumu. Majuma ya mitihani huwaondoa wanafunzi wawili kati ya watano. Baada ya kuyaondoa hayo, Septemba hubaki kuwa chaguo jema, kwa kuwa huacha takriban miezi mitatu ya kuzoea kabla ya mgao.

Hatua ya pili ni kuchagua siku ya juma. Kutoa Ijumaa ni kumkabidhi katibu programu mpya usiku wa kuamkia kikao. Jumanne huacha siku nne za kusahihisha kilichokosewa kabla ya Jumamosi. Hivyo tuchague Jumanne, tarehe 8 Septemba 2026.

Hatua ya tatu ni kuhesabu majuma kurudi nyuma:

- Majuma 12 kabla (16 Juni): milango ya vipengele vipya inafungwa. Kisichokamilika kinasubiri toleo lijalo.
- Majuma 10 kabla (30 Juni): matini zinafungwa. Kuanzia siku hii hadi toleo, maneno ya kiolesura hayabadilishwi, na maelekezo ya mtumiaji yanaandikwa.
- Majuma 4 kabla (11 Agosti): toleo tarajiwa la kwanza linapelekwa kwa vikundi viwili vilivyokubali kujaribu, sambamba na daftari lao la kawaida.
- Majuma 2 kabla (25 Agosti): toleo tarajiwa la pili.
- Juma 1 kabla (1 Septemba): hakuna kinachobadilishwa isipokuwa hitilafu inayopoteza fedha au kumbukumbu.
- 8 Septemba: toleo linatangazwa pamoja na maelezo ya kilichobadilika, na tarehe ambayo toleo la zamani litaacha kuhudumiwa.

Hatua ya nne ni kuipitisha orodha hiyo katika kalenda ya nchi. Saba Saba na Nane Nane zinaangukia ndani ya kipindi hiki lakini hazigongani na siku yoyote ya ratiba. Maulidi, hata hivyo, inatarajiwa tarehe 25 au 26 Agosti kutegemea mwandamo wa mwezi, nayo inagongana na toleo tarajiwa la pili. Ni busara kulisogeza hadi Alhamisi tarehe 27. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku 11, mgongano huu hautajirudia tarehe ileile mwakani. Ratiba haipaswi kunakiliwa tu kutoka mwaka mmoja hadi mwingine.

Msomaji atatambua kwamba kati ya majuma 12 yaliyopangwa, hakuna hata moja la kuongeza kipengele kipya. Wanaoanza huliona jambo hili kama upotevu. Katika programu inayoshika fedha za kina mama wauza mboga na mafundi ujenzi, majuma hayo ndiyo kazi yenyewe. Kipengele kipya kikichelewa kwa miezi sita, kikundi hakipotezi kitu. Riba ikikokotolewa vibaya kwa kikao kimoja, kikundi huweza kuvunjika.

7.0 Toleo la Dharura na Mambo Yasiyopangika

Ratiba njema huacha nafasi ya kile kisichopangika. Mwezi Desemba 2021 ulitangazwa hadharani mwanya mkubwa katika Log4j, maktaba inayotumiwa na programu nyingi mno zilizoandikwa kwa Java. Miradi duniani kote ililazimika kutoa viraka katika muda wa siku chache, huku wengi wa wahusika wakijiandaa kwa likizo za mwisho wa mwaka. Aliyekuwa akitumia toleo linalohudumiwa alipata kiraka kidogo cha kusimika. Aliyekuwa nyuma kwa matoleo mengi alikabiliwa na kuhuisha mfumo mzima kwa haraka, yaani kufanya kwa siku mbili kazi ya miezi. Hapo ndipo swali la nne la ratiba, la toleo kuhudumiwa hadi lini, linapodhihirisha uzito wake.

Miundombinu nayo ina dharura zake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za mawasiliano za chini ya bahari za SEACOM na EASSy zilikatika, na huduma ya intaneti ikadorora nchini Tanzania na katika nchi jirani. Mradi ambao ungepanga kutoa toleo siku hiyo ungelazimika kuahirisha. Kutokana na hali hii, mambo matatu yanapendekezwa: kutangaza siku ya akiba pamoja na siku ya toleo, kuweka viraka vidogo kwa ukubwa, ili mwenye kifurushi kidogo cha data aweze kuvipakua, na kuweka nakala ya toleo mahali panapofikika ndani ya nchi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba ratiba ya matoleo hujibu maswali manne, na kwamba mkabala wa muda, ukipewa mwendo unaolingana na uwezo wa watumiaji, hulinda miradi dhidi ya ucheleweshaji unaojizalisha. Jambo OpenOffice imeonesha gharama anayobebeshwa mtafsiri matini zinapobadilika. DHIS2 imeonesha kwamba kupunguza mwendo kunaweza kuwa dalili ya ukomavu, na kwamba ratiba ya mradi haichukui nafasi ya ratiba ya usimikaji. Mfano wa Goba umeonesha kwamba kalenda ya mahali, yenye masika, sikukuu na vikao vya Jumamosi, ni sehemu ya uhandisi wa programu.

Inapendekezwa kwamba vyuo vinavyofundisha sayansi ya kompyuta nchini vimtake mwanafunzi anayewasilisha mradi wa mwisho wa masomo aambatanishe ratiba ya matoleo yenye tarehe nne zilizotajwa, pamoja na sababu za kuzichagua. Zoezi hilo halihitaji vifaa wala fedha. Humlazimu mwanafunzi kuuliza ni nani ataitumia programu yake, na mtu huyo huwa na shughuli gani siku hiyo.

Mhudumu wa zahanati aliyetajwa mwanzoni hatausoma mpango wowote wa matoleo, wala hapaswi kuusoma. Atatambua tu kwamba tarehe 5 ya mwezi alifungua mfumo, ukafunguka, na vitufe vilikuwa mahali alipoviacha.